Siku Tano za Kipupwe Kitulo: Mzigo wa Anayelala Hemani kwa Mara ya Kwanza

Ijumaa. Mwanjelwa, Mbeya mjini

Safari ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo mwezi wa saba haianzii getini, inaanzia mitumbani. Kikosi ni watu wanne, watatu kati yao hawajawahi kulala hemani. Ratiba: usiku wa leo ni wa majaribio uani Uyole, pembeni mwa jiji, kesho gesti Matamba, kisha usiku mbili juu uwandani, na Jumanne kurudi.

Kabla ya kugusa nguo yoyote, hesabu kwanza. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, uwanda wa Kitulo unakaribia mita 2,600. Kwa wastani kila mita 1,000 unazopanda hupunguza nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo Mbeya ikiamkia nyuzi 6, Kitulo iko jirani kabisa na sifuri, na hapo bado hujahesabu anga jeupe lisilo na wingu, ambalo huacha joto la ardhi lote liondoke usiku. Majani hupoa kuliko hewa iliyo juu yake, ndiyo maana umande huganda hata pale kipimajoto kilichoning'inizwa mtini kinaposema bado nyuzi 2.

Anayetoka Dar akisikia hayo hukimbilia jaketi zito la sponji. Likatosha bei, anaona kazi imekwisha. Lakini usiku mtu halali juu ya jaketi, analala juu ya ardhi, na ardhi hainyamazi mpaka alfajiri. Sponji la mfuko wa kulalia ulilolilalia limeshabonyezwa, halina hewa ndani, halizuii kitu. Ndiyo maana pesa ya kwanza iende kwenye kitu cha kutandika chini.

Kinachotakiwa ni povu gumu la unene wa sentimita moja, lile la mikeka ya mazoezi na la kufungashia mashine. Sponji la godoro halifai hata likiwa nene. Namna ya kutofautisha: omba kikombe cha maji, chovya kona, bonyeza, achia. Sponji la godoro litanyonya na kutoa maji kama kitambaa cha kudekia. Povu linalofaa litatoka limelowa juu tu, ukilipangusa limekauka. Kwa mikeka iliyotengenezwa kwa ajili ya kambi, tafuta herufi R na namba pembeni yake, kipimo cha jinsi mkeka unavyozuia baridi ya ardhi. Kwa usiku wa karibu na sifuri unataka 3 hadi 4. Kipande kimoja cha povu huwa karibu na 2, na namba hizo hujumlishwa, hivyo vipande viwili kwa kila mtu vinatosha. Godoro la kujaza upepo, lile la ufukweni, liache. Ndani yake hewa inazunguka na kupeleka baridi ya chini juu usiku kucha.

Mfuko wa kulalia wa mtumba una lebo ndani, karibu na zipu. Iliyo nzuri ina namba tatu: ya kulala kwa starehe, ya mpaka wa kuvumilia, na ya hatari, ambayo maana yake ni kunusurika tu: hutalala, na baridi bado inaweza kukudhuru. Wauzaji husoma ile ya mwisho kwa sababu ndiyo inayovutia. "Hili la nyuzi kumi na tano chini ya sifuri, kaka, Ulaya hilo." Wewe soma ya kwanza. Ikiwa 0 au chini ya hapo, chukua. Ikiwa 5, chukua pia lakini ongeza blanketi la kufunika juu, au tia mfuko mmoja ndani ya mwingine, mradi wa nje uwe mpana usiubane wa ndani.

Lebo ikiwa imekatwa, tumia mikono. Ukunje mfuko uwe donge, ukalie dakika moja, uachie. Unaofaa huinuka wenyewe polepole kama unga wa maandazi. Uliochoka hubaki bapa. Kisha uinue juu dhidi ya mwanga wa mlango: ukiona mabaka meupe yasiyo na kitu, uzi wa ndani umehama na huko ndiko baridi itakapoingilia. Vuta zipu mara tatu hadi mwisho. Nyuma ya zipu panatakiwa kuwe na bomba la kitambaa lililojaa, maana zipu tupu ni dirisha. Manyoya ya bata ni mepesi na ya joto sana, ila yakilowa yanashikana na kuwa bure, na mwanzoni kila kitu hulowa. Kwa safari ya kwanza ya poliesta ni salama zaidi.

Nguo zinapangwa kwa kazi tatu: ya kugusa ngozi, ya kushika joto, ya kuzuia upepo. Pamba haimo hata moja. Fulana ya pamba ikishanyonya jasho la mchana haikauki baada ya jua kutua, inageuka kitambaa cha maji baridi mgongoni. Mtumbani nyuzi hazisemi majina yao, basi vuta uzi mmoja kwenye upindo, toka nje, uwashe kiberiti. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi. Sufu hunuka nywele zilizoungua, na shanga yake hupondeka vidoleni. Unazotaka ni hizo mbili za mwisho. Mama mwenye meza atakuuliza unataka kumchomea biashara, muombe radhi mapema, na ununue kitu.

Kwa kila mtu: fulana mbili za mikono mirefu za poliesta, taitsi mbili, sweta moja zito la sufu au la manyoya ya kutengenezwa, jaketi la sponji la kukaa kambini, na koti la mvua jepesi lisilopitisha upepo. Koti lijaribiwe kwa mdomo: libane midomoni upulize kwa nguvu, ukihisi pumzi upande wa pili, upepo wa Kitulo nao utapita. Suruali ya kutembelea isiwe jinzi. Mzula unaofunika masikio, glavu pea mbili, soksi pea nne, na moja kati yake haivaliwi kamwe mchana. Hiyo ni ya kulalia, ifungwe ndani ya mfuko wa kulalia tangu hapa mjini, isitoke.

Hema ndilo watu huliogopa kwa bei, wakati kwa watu wawili wawili hema la kawaida linatosha likiwa na tabaka mbili: la ndani la wavu na kitambaa, na turubai la juu linaloshuka karibu na ardhi. Yale ya kufyatuka yenye tabaka moja hutiririsha maji ndani ifikapo saa 10 usiku, na maji hayo ni pumzi zenu wenyewe. Hesabu vigingi palepale dukani. Hema la mtumba karibu kila mara limepungukiwa viwili au vitatu, na fundi wa kuchomelea atakukatia nondo ya milimita 6 kuwa vya sentimita 20, na kupinda vichwa.

Ijumaa usiku. Uyole, uani

Hema lisimamishwe mara mbili: mara moja na jua, mara ya pili gizani kwa tochi ya kichwani. Mara ya pili ndiyo inayofundisha. Kosa linalojirudia ni kuingiza vyuma vyote kwenye mikono ya kitambaa kabla ya kupiga kigingi hata kimoja. Upepo ukija, hema linaondoka kama kishada. Kigingi cha kona ya upande unakotoka upepo kwanza, kinyume chake pili, halafu vyuma.

Lala humo. Uyole haina baridi ya Kitulo, lakini ukiamka kiuno kimepoa hapa, huko hutalala kabisa, na bado duka liko dakika 15 kutoka hapo. Mmoja wa wanne ameamka na jasho shingoni? Amevaa jaketi ndani ya mfuko, akalowesha nguo zake kwa joto lake mwenyewe. Taitsi, fulana kavu, soksi, mzula. Jaketi liwekwe juu ya miguu, nje ya mfuko.

Jumamosi. Uyole, Chimala, Matamba

Asubuhi pima mabegi kwa mzani wa kuning'iniza. Begi la mtu mmoja bila chakula na maji lisizidi kilo 10, na jumla yote isivuke moja ya tano ya uzito wake. Kwenye safari hii gari litapeleka vitu kambini, lakini begi linalokuzidi utalibeba vibaya hata mita 300 za kutoka barabarani.

Mpangilio: chini kabisa mfuko wa kulalia na nguo za usiku, vikiwa ndani ya nailoni nzito. Rambo zimepigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata zilipokuwepo zilichanika kwenye zipu. Tumia nailoni ya ndani ya mfuko mkubwa wa unga au sukari, haipitishi maji na ina ukubwa unaotakiwa. Mfuko wa mbolea usiutumie hata ukiusuuza, chumvi yake hubaki kwenye mikunjo na kula kitambaa. Katikati, karibu na mgongo, vitu vizito: chakula, sufuria. Juu kabisa, mkono unakofika bila kufungua begi zima, koti, mzula, glavu na tochi.

Barabara kuu ya kuelekea Iringa ni lami mpaka Chimala, na Chimala ni joto. Iko bondeni upande wa Usangu, mchele unauzwa barabarani, watu wamevaa fulana, na mgeni huvua kila kitu na kukitupa kwenye buti. Kisha gari linakata kulia na kuanza kupanda Hamsini na Saba. Jina ni idadi ya kona. Ni mwendo wa ukuta, vumbi la kiangazi linaingia kila tundu, na baada ya kona ya thelathini hivi vioo vinapandishwa. Mabegi ya kwenye keria yavikwe viroba, yafungwe kwa kamba ya mpira, la sivyo vumbi litaingia kwenye meno ya zipu na usiku zipu itagoma. Anayetapika garini akae mbele, na tangawizi mbichi iwe mfukoni, siyo kwenye begi.

Matamba ndiko iliko ofisi ya hifadhi. Kitulo ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ina kilomita za mraba 412.9, na taratibu za ada na askari wa kufuatana nanyi zinakamilishwa hapa, siyo huko juu kwenye majani. "Kamwene, dada", salamu ya huku, ukiingia gesti kunakufungulia mlango na mara nyingi blanketi la pili.

Kulala hapa usiku mmoja ni makusudi. Mwili unaotoka pwani ukipandishwa moja kwa moja mpaka mita 2,600 unaweza kuumwa kichwa na kukosa hamu ya kula, na asiyekula usiku hupata baridi. Kunywa maji, kula ugali, lala mapema.

Chakula kinunuliwe sokoni hapa: viazi mviringo, vitunguu, kabichi, mayai. Maharage yatoke Mbeya yakiwa yamechemshwa tayari. Uwandani maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi badala ya 100, na maharage makavu yatakula mafuta ya taa yote na bado yakwaruze meno. Mchele nao unachelewa, uloweke nusu saa. Karanga nusu kilo kwa kila mtu kwa siku mbili, na sukari kuliko mnavyotumia nyumbani.

Jumapili. Uwandani

Mtu aliyesikia Kitulo ikiitwa "Bustani ya Mungu" akaja Julai atakuta majani ya kahawia. Maua, pamoja na okidi zinazofanya mahali hapa pajulikane duniani, ni ya msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Kipupwe kina mambo yake: njia kavu, anga safi, nyota. Anayetaka maua abebe gambuti na mzigo mwingine kabisa.

Pale mnaporuhusiwa kupiga kambi, msishuke kwenye kibonde kilicho laini karibu na kijito, hata kama macho yanakipenda. Hewa baridi ni nzito, usiku hutiririka kama maji na kujaa humo. Pandeni mita 10 au 20 juu ya bonde, mahali penye kilima cha kukinga upepo mgongoni. Mlango wa hema usitazame upepo. Kama mnaweza, utazame mashariki, jua la kwanza lina kazi kesho.

Sasa saa. Saa 10 jioni bado jua linachoma, na ngozi inaungua hata kama hewa ni baridi, kwa hiyo kofia na mafuta ya mgando midomoni. Ni saa hiyohiyo ya kuvua fulana ya kutembelea, kabla hujahisi baridi. Wengi husubiri mpaka watetemeke ndipo wabadilishe, na kuvua nguo huku unatetemeka ni adhabu. Saa 11 maji yawe jikoni. Saa 1 usiku giza limeingia na joto linashuka kama limesukumwa.

Jiko. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ni sawa kwa kuwa kuna gari, ila asubuhi ya baridi moto wake hulegea: sehemu ya gesi hiyo ni butani, ambayo ikikaribia sifuri haitaki tena kugeuka mvuke. Mtungi usilale nje kwenye majani. Ukae juu ya kipande cha povu, umefunikwa gunia, mbali na mahema. Jiko la mchina linalotumia mafuta ya taa halijali baridi, ndiyo sababu linakuja kama la akiba, na lita moja na nusu za mafuta. Kinga upepo kwa bati lililokunjwa pande tatu, bila hiyo moto hutumika mara mbili. Kuni za hifadhi haziokotwi, na majani haya makavu yanahitaji cheche moja tu.

Hapa ni lazima kusema wazi. Nyumbani Makete na Njombe jiko la mkaa huingizwa ndani wakati wa baridi, watu wakalizunguka, na mgeni huona ni jambo la kuiga. Kwenye hema haliingii. Hata dakika tano, hata mlango ukiwa wazi nusu, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Mkaa unaofifia ndio unaotoa kwa wingi hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haikohozi mtu, inamwongezea usingizi. Anayelalamika baridi apewe chupa ya maji ya moto, siyo jiko.

Chupa hiyo iwe ya plastiki ngumu au ya chuma ya tabaka moja, yenye kifuniko cha skrubu. Ijazwe maji yaliyopoa kidogo toka kuchemka, ifungwe, ipinduliwe ionekane haivuji, ivishwe soksi, iwekwe katikati ya mapaja. Hapo ndipo damu nyingi inapita, miguuni itapoteza joto kabla ya kukufaa. Chupa ya chai ijazwe usiku huu na ikae ndani ya hema: ndiyo kifungua kinywa kama jiko litagoma.

Kabla ya kulala, kila mtu aende haja ndogo, akitaka asitake. Ale karanga kiganja kimoja. Simu, betri za tochi na dumu dogo la maji viingie kwenye mfuko wa kulalia. Kama mna chujio la maji, nalo liingie, likiganda mara moja tu linapasuka ndani kwa ndani na halionyeshi. Dumu litakalobaki nje lipinduliwe, kwa sababu barafu huanzia juu na asubuhi mdomo utakuwa bado unamimina.

Tundu za hewa za hema ziachwe wazi. Kila mwanafunzi wa baridi huziziba, halafu anaamka kwenye mvua ya pumzi yake. Pua nayo ibaki nje ya mfuko.

Jumatatu. Asubuhi ya jalidi

Saa 1 asubuhi uwanda mzima mweupe. Umande umeganda juu ya kila jani, viatu vilivyoachwa barazani ni vigumu kama magogo, na kwenye turubai la juu kuna ganda jembamba. Usilikung'ute kutokea ndani, litaanguka juu ya mifuko ya kulalia. Toka, likung'ute kwa nje, kisha uvue turubai lote ulitandike juani upande wa ndani ukiangalia juu.

Viatu vya leo usiku vitalala ndani, chini ya begi, kamba zikiwa zimelegezwa kabisa. Kiatu kilichoganda kimefungwa hakivaliki mpaka saa 3.

Mfuko wa kulalia ugeuzwe nje ndani na uning'inizwe, saa mbili za jua zinatosha. Ukiukunja sasa hivi ulivyo na unyevunyevu, usiku wa pili utakuwa baridi kuliko wa kwanza ingawa hali ya hewa ni ileile, na mtu atadhani ni Kitulo imebadilika. Hapa ndipo usiku wa pili unapoharibikia. Mtu aliyelala vizuri Jumapili anakunja haraka akatembee.

Maji ya kijito yachemshwe, ng'ombe wa shamba la Kitulo hawako mbali. Kwenye urefu huu yaachwe yatokote dakika tatu kamili. Vidonge vya klorini vinafanya kazi, lakini kwenye maji ya baridi hivi vipewe muda mara mbili ya ulioandikwa.

Matembezi ya mchana: begi dogo, koti, sweta, maji lita moja na nusu, viazi vya kuchemsha na chumvi. Ukungu unaweza kuingia bila taarifa na kuufanya uwanda wote ufanane, fuata askari. Saa 10, fulana kavu. Yaleyale ya jana.

Jumanne. Kikondo, Isyonje, Uyole

Kurudi ni kwa upande mwingine, barabara ya Kikondo mpaka Isyonje, kati ya mashamba ya viazi na pareto, kisha lami ya Tukuyu inayokupeleka Uyole. Hema la asubuhi halikauki kabla ya gari kuondoka, lifungwe limelowa kwenye kiroba chake peke yake, lisichangamane na mifuko ya kulalia.

Uyole, siku hiyohiyo: hema litandikwe kambani, kivulini, mpaka mishono ikauke. Likikaa kwenye begi siku tatu linaota ukungu mweusi ambao haufutiki. Zipu zisuguliwe kwa mswaki wa zamani na maji, mshumaa upitishwe juu ya meno yake. Vigingi vihesabiwe: vilikwenda 24. Mifuko ya kulalia isirudishwe kwenye vifuko vyake vya kubana, ining'inizwe kabatini ikiwa imelegea, kwa sababu ikibanwa miezi sita sponji husahau kuinuka.